Kutoka Mtaa wa Lumumba Hadi Kaunta ya Stesheneri

Sisi tuliokulia Kariakoo tuna jambo la kujivunia ambalo hatulisemi mara nyingi. Chuo kikuu cha nchi hii hakikuanzia Mlimani, kilianzia kwetu. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilifungua milango katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika hata 20. Kabla ya hapo, aliyetaka kusoma chuo kikuu bila kuvuka bahari alifunga safari ya Makerere, Kampala. Mlimani walihamia mwaka 1964.

Wazee wetu waliosoma enzi hizo wanasema maombi ya chuo yalikuwa kazi ya shule. Wa kidato cha sita walikuwa wachache, mkuu wa shule akiwajua kwa majina, na fomu ilijazwa mbele ya mwalimu. Likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Kijana akitoka JKT alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha apate mapendekezo ya kazini na ya chama. Msaada ukahama, ukawa kwa bosi na katibu wa tawi.

Sisi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulisaidiwa na kaka na dada. Uani kwetu, nyumba ya vyumba sita, wapangaji sita, alikuwapo binti mmoja tu aliyekuwa Mlimani. Alituletea fomu kwa daladala, akatukalisha kwenye mkeka, akatuagiza tujaze kwanza kwa penseli. Mpaka asome yeye ndipo tulipogusa kalamu ya wino. (Mmoja wetu aliandika jina la mtaa mahali pa jina la baba. Bado tunamtania.)

Nyumba zile nyingi sasa ni maghorofa ya maduka, na wapangaji wametawanyika Mbagala, Kimara, Gongo la Mboto. Maombi nayo yamebadilika. Bodi ya Mikopo ilianza kazi Julai 2005, hivyo kijana anaomba mara mbili, chuo na mkopo. Mwaka 2010 TCU ilikusanya maombi ya vyuo vyote kwenye mfumo mmoja. Mwaka 2017 yakarudishwa kwa kila chuo. Matokeo yanapotoka, mara nyingi Julai, mhitimu ameshaondoka shuleni. Anakwenda kwenye kaunta ya stesheneri, anajaziwa, analipa.

Hatuwalaumu vijana wa kaunta, wanatafuta riziki. Lakini hesabu yake iko wazi: anayejaza analipwa siku ileile, na fomu ikiwa na kosa hapotezi kitu.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mtoto wa mama muuza chakula, alifaulu vizuri na chuo kikampokea. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na jina la babu, vyeti vya shule vina jina la ukoo. Kwenye kaunta hakuna aliyeviweka pamoja akavilinganisha. Tofauti ilipoonekana, dirisha la mkopo lilikuwa limebakiza siku tatu, na kurekebisha majina kunataka wiki. Mkopo akaukosa, na ada mama hakuwa nayo. Mwaka mzima alibeba marobota Mtaa wa Congo.

Mchango tunaouomba mwaka huu ni wa meza. Kompyuta mbili, printa, mashine ya kuskani, bando, na nauli ya wanachama watakaojitolea kukaa na vijana. Kazi itaanza Januari, wakiwa bado darasani: kukagua majina kwenye vyeti, kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, kumtafuta mdhamini mwenye kitambulisho, kufuata sahihi ya serikali ya mtaa. Matokeo yakitoka, meza itakuwa wazi kila Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Penseli tutaleta wenyewe.