Picha za Barabarani na Wakimbizi Waliopokelewa Nyumbani

Mgusii ukimtajia sanaa ya hadharani, mawazo yake huenda kwenye jiwe. Kule Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, jiwe la Kisii huchongwa kwa panga na kisu, likasuguliwa kwa msasa na maji, kisha likapakwa nta hadi ling'are. Mchongaji wetu Elkana Ong'esa amefikisha "Ndege wa Amani" katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, na ndege huyo yuko huko hadi leo. Lakini baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, sanaa iliyowasimamisha Wakenya njiani ilikuwa ya rangi, plastiki na picha za kutundikwa, vitu visivyodumu kama jiwe.

Ilianzia mtaa wa Kibera, Nairobi, moshi ukiwa bado unafuka. Solomon Muyundo, ambaye mtaa unamjua kama Solo 7, alizunguka na brashi akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, vibanda na hata barabarani. Januari 2009 msanii wa Ufaransa anayeitwa JR alifika mtaani humo humo akafunika mabati ya nyumba kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa Kibera, zilizochapishwa kwenye plastiki isiyopitisha maji ili mvua ikinyesha paa lisivuje. Macho mengine yalibandikwa kwenye mabehewa ya treni, na sehemu za chini za nyuso hizo zikawekwa kwenye mteremko chini ya reli. Treni ilipopita, kwa nukta chache macho yalikutana na midomo na uso ukakamilika. Hiyo ndiyo reli ambayo vijana walikuwa wameing'oa mwaka mmoja nyuma.

Kazi iliyozama zaidi, kwa maoni yangu, ni maonyesho ya Picha Mtaani. Boniface Mwangi alikuwa mpiga picha wa gazeti wakati wa ghasia, na alichokiona hakikumtoka akilini. Kuanzia 2009 yeye na wenzake walizichukua picha za ghasia hizo wakazitundika barabarani na viwanjani, mji baada ya mji. Hapakuwa na mlango wala tiketi. Mtu aliyetoka sokoni na kikapu mkononi alijikuta uso kwa uso na nyumba inayoungua, na pembeni yake amesimama jirani wa kabila ambalo mwaka uliopita aliambiwa ni adui. Watu walilia hadharani, wakabishana, wakaahidi kwa maandishi kwamba hawatarudia. Jumba la makumbusho lisingeweza kufanya hivyo, kwa sababu waliochoma na waliochomewa hawaendi huko. Sokoni wote huenda.

Mbinu hii ina ndugu zake ng'ambo. Februari 2016 msanii wa China Ai Weiwei alivika nguzo za ukumbi wa Konzerthaus, Berlin, makoti ya kuokolea maisha yapatayo 14,000, yaliyoachwa na wahamiaji waliovuka bahari hadi kisiwa cha Lesbos.

Hata hivyo, hapa Kenya kuna watu ambao picha hazikuwafikia, na wengi wao ni wa kwetu. Kwa hesabu ya serikali, waliohama makwao mwaka 2008 walikuwa 663,921. Takriban 350,000 waliishi katika kambi 118. Wengine zaidi ya 313,000 walikwenda kwa jamaa zao. Kamera ilifuata moto na mahema. Haikumfuata mama aliyeshuka kwenye lori na watoto na godoro moja, akaingia kwa kaka yake. Familia za Wagusii waliotimuliwa Bonde la Ufa zilipokelewa hivyo Kisii na Nyamira, kwenye vishamba ambavyo tayari vilikuwa vimegawanywa kati ya ndugu hadi vikabaki vipande. Na kwa baadhi yao hiyo haikuwa mara ya kwanza: mpaka wa Borabu, upande wa Nyamira, na Sotik, upande wa Bonde la Ufa, uliwaka ghasia pia mwaka 1992.

Kutoonekana kuliwagharimu. Mei 2008 serikali ilipoanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, ikiahidi shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba, hesabu ilianzia kambini. Wengi waliokuwa wamelala jikoni kwa shemeji hawakuwa kwenye orodha ya kulipwa. Sheria ya kuwalinda wakimbizi wa ndani ilipatikana mwaka 2012, na haidai kwamba mtu awe ameishi hemani ndipo atambuliwe.

Ndiyo maana natamani maonyesho ya namna ile yaje Nyakoe, hapa kando ya barabara ya kwenda Kisumu, siku ya soko. Zitundikwe picha za nyumba zilizopokea: jiko lililogeuzwa chumba cha kulala, mpaka mpya wa shamba uliopandwa migomba, hati ya ploti ya Kericho au Nakuru ambayo mwenyewe hajathubutu kurudi kuiangalia. Wenye picha wakikubali, wasimame kando yake na kujibu maswali wenyewe, na afisa wa kaunti awepo na daftari la kuwaandika walioachwa nje ya orodha.