Somo la Historia: Kusikia ni Moja, Kutumia ni Pili

Mwenye kalamu na aandike hesabu mbili juu ya ukurasa wake: 80 na 10. Mkiisha kuandika, nisikilizeni.

Mwaka 1991 na 1992 ulifanywa uchunguzi mkubwa katika Tanzania. Waulizaji walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwauliza wanawake habari za uzazi. Katika kila wanawake 100 walioolewa, yapata 80 walijua angalau njia moja ya kupanga uzazi. Lakini waliokuwa wakitumia njia yo yote, ya kisasa au ya asili, walikuwa 10 tu. Basi hao 70 waliobaki walikwama wapi? Ndilo somo letu la leo.

Kwanza tuondoe kosa moja. Msidhani wazee wetu hawakujua kuachanisha watoto. Ninyi wenyewe mwalijua neno kubemenda. Mtoto aliyekuwa bado kunyonya akidhoofu, watu walinong'ona kwamba wazazi wamembemenda, yaani wamekutana mapema kabla ya wakati wake. Aibu hiyo ilikuwa kubwa. Kwa hiyo mama alinyonyesha miaka miwili au zaidi, na pengine alikwenda kukaa kwao, au bibi alihamia chumbani kulala na mzazi. Maelezo ya ugonjwa hayakuwa sahihi, lakini desturi ilifanya kazi yake: mimba hazikufuatana upesi. Kisha watu wakahamia mijini kutafuta mshahara. Mume na mke wakapanga chumba kimoja, bibi akabaki kijijini, na desturi ikalegea. Nafasi yake haikujazwa na kitu kwa miaka mingi.

Mwaka 1959 kilianzishwa chama cha kupanga uzazi mjini Dar es Salaam. Ndicho kilichokuja kuitwa UMATI, yaani Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania. Mwanzoni huduma zake ziliwafikia zaidi watu wa mijini. Mwaka 1974 Serikali ikaanza kuiingiza kazi hiyo katika huduma za mama na mtoto, ili mama aliyekwenda kupimisha mtoto uzito aweze kupata vidonge vya majira siku hiyo hiyo. Mwaka 1989 ukaanzishwa mpango wa taifa zima.

Sasa turudi kwa wale 70. Si wote waliokwama. Wako waliotaka mtoto wakati huo, na hiyo ni haki yao. Wengine zahanati ilikuwa mbali, au walifika wakaambiwa dawa zimekwisha. Tena katika baadhi ya vituo ilikuwa desturi kumwambia mwanamke, "Kalete kwanza idhini ya mumeo." Mtu aliyetembea tangu alfajiri akaambiwa hivyo, atarudi kweli?

Niliwahi kuliuliza darasa moja la jioni habari hizi. Wanaume walijibu kwa sauti. Akina mama waliinamia madaftari. Nilipokuwa nikifungua baiskeli yangu, mama mmoja akanifuata polepole. "Mwalimu," akasema, "mimi nachoma sindano. Kadi naificha ndani ya pipa la unga, maana yeye hapiki." Tangu siku hiyo sikusema tena kwamba mwanamke asiyejibu darasani hajui.

Na hofu je? Wengi waliogopa kwamba watakuwa tasa, au damu itavurugika. Hapa yatupasa kusema kweli yote. Vidonge na sindano havimfanyi mtu tasa, ingawa baada ya kuacha sindano mimba huweza kuchelewa miezi kadhaa. Lakini damu hubadilika kweli kwa wanawake wengi. Aliyeona badiliko hilo bila kuelezwa mapema alishtuka, akaacha, akawaambia jirani zake. Siwezi kumwita mjinga. Alisema alichokiona.

Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo uitwao Twende na Wakati. Hapana shaka wako kati yenu wanaomkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu. Kwa miaka miwili ya mwanzo mtambo wa Dodoma haukuurusha mchezo huo, makusudi, ili wachunguzi walinganishe. Wakaona kwamba pale uliposikika, mume na mke walizungumza zaidi juu ya uzazi, na wengi zaidi wakaanza kutumia njia za kupanga. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikaanza kuusikia, na mambo yakaanza kubadilika huko pia. Nadhani kazi kubwa ya mchezo ilikuwa kuwapa mume na mke neno la kuanzia: waliweza kumsema Mkwaju bila kusemana wao wenyewe.

Andikeni tena. Mwaka 1996 waliokuwa wakitumia walikuwa 18 katika kila 100. Mwaka 2010 walikuwa 34. Uchunguzi wa 2015 na 2016 ulihesabu 38, na ule wa 2022 ukahesabu 38 vile vile. Jirani zetu wa Kenya mwaka 2022 walifika 63. Katikati ya hapo, mwezi Septemba 2018, Rais John Magufuli aliwaambia watu wa Meatu waache kupanga uzazi, na siku chache baadaye wizara ikasimamisha matangazo ya redio ya mradi mmoja wa kazi hiyo. Sisemi kwamba hesabu ilisimama kwa sababu hiyo peke yake. Lakini akina mama walikuwa wakisikiliza.

Kazi ya nyumbani: muulize mama mzazi au shangazi, watoto wake walipishana miaka mingapi, na nani aliyeamua. Andika majibu kwa sentensi tano, uje nayo Jumanne.