Picha za Mahekalu ya Misri na Wapagazi wa Mlima Kenya

Mwaka 1857 Mwingereza Francis Frith alizunguka Misri na kamera ya lenzi mbili, zilizokaa kando kwa kando kama macho ya binadamu. Kila tukio lilitoa picha pacha zinazotofautiana kidogo. Ukizitazama kupitia stirioskopu, kifaa cha kutazamia picha pacha, nguzo za hekalu la Philae hujitokeza kana kwamba unaweza kuzigusa. Mwaka 1862 kilitoka kitabu chenye picha 100 za aina hiyo. Ufundi wa Frith hauna ubishi. Hata hivyo, picha za namna hii ziliwazoesha watazamaji wa Ulaya kuiona Afrika kwa jicho moja tu: jiwe ndilo lenye historia, na Mwafrika aliye kando yake ni kipimo cha urefu. Mazoea hayo yalifika hadi Mlima Kenya.

Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika kilele cha Batian mlimani humo. Msafara wake ulikuwa na Wazungu sita na wapagazi na waongozaji zaidi ya 150, Waswahili na Wakikuyu wakiwa wengi. Mpigapicha wao, Campbell Hausburg, ana bonde linaloitwa kwa jina lake mlimani hadi leo. Waliobeba chakula, mahema na vifaa, wakaufikisha msafara mahali pa kupigia picha, hawana hata jiwe.

Wapo watakaosema kwamba teknolojia ya zamani haikuruhusu zaidi. Ni kweli kwamba kioo cha Frith kilipakwa dawa, kikatiwa kwenye kamera kingali kibichi, na kusafishwa hemani kabla hakijakauka. Aliyepigwa picha alilazimika kutulia tuli. Lakini hilo linaeleza kwa nini watu walisimama kama sanamu, halielezi kwa nini hawakutajwa. Kabla ya Frith, Mfaransa Maxime Du Camp alimtumia baharia Mnubi kama kipimo, akamtisha kwamba lenzi ile ya shaba ni mzinga utakaomlipua akitikisika. Twajua baharia huyo aliitwa Hajj Ismail kwa sababu Du Camp mwenyewe aliliandika jina hilo. Kuandika jina hakukuhitaji lenzi mpya, kulihitaji wino na nia.

Wengine watasema tushukuru kwamba picha zipo. Tunashukuru. Philae ilifurikwa baada ya bwawa la Aswan kukamilika mwaka 1902, na baadaye mahekalu yake yakahamishiwa kisiwa cha Agilkia. Picha za Frith zinaonyesha yalivyokuwa mahali pake pa asili. Za Hausburg nazo zimewasaidia wanasayansi kupima jinsi barafu ya Lewis ya Mlima Kenya ilivyopungua. Ila thamani ya ushahidi haiondoi pengo lililomo ndani yake. Picha inayotuambia barafu ilifika wapi, bila kutuambia nani aliibeba kamera hadi pale, imetupa nusu ya historia.

Nusu iliyobaki haiwezi kupatikana yote, lakini kosa lenyewe tunaweza kuacha kulirudia. Kuanzia Kenol hadi Karatina na Nyeri, nyumba nyingi zina picha za zamani zisizo na maandishi. Zitoeni kabatini, waulizeni wazee wangali hai, na mwandike nyuma ya kila picha jina, mahali na mwaka.