Bia nyeusi na wiski: kwa nini glasi ya Juba haiwezi kufanya kazi ya pipa

Bia nyeusi yenye ladha ya wiski hupatikana kwa njia mbili: kumimina wiski katika glasi ya bia, au kuilaza bia kwa miezi ndani ya pipa la mbao lililowahi kuhifadhi wiski. Mjini Juba njia ya kwanza ndiyo pekee iliyo karibu na mnywaji wa kawaida, na ndiyo inayohitaji tahadhari zaidi.

Kazi ya pipa

Sheria ya Marekani inataka wiski aina ya bourbon ikomazwe katika chombo kipya cha mwaloni ambacho ndani yake kimeunguzwa kwa moto. Pipa likishatumika mara moja haliruhusiwi kukomaza bourbon nyingine. Ndiyo maana mapipa ya mitumba, yenye ujazo wa takriban lita 200, husambaa duniani: mengi huenda Uskoti, mengine kwa watengenezaji wa ramu, na tangu miaka ya 1990 kwa watengenezaji wa bia pia. Kiwanda kidogo cha Goose Island cha mjini Chicago ndicho kinachotajwa zaidi kuwa kilianzisha mtindo huo, kwa kutia bia nzito nyeusi ndani ya mapipa ya bourbon.

Pipa linalodhaniwa kuwa tupu huwa bado limeficha lita kadhaa za wiski ndani ya mbao zake. Bia inapokaa humo kwa miezi sita, kumi au zaidi, wiski hiyo hurudi polepole na kuongeza kiwango cha kilevi. Hata hivyo, kilevi ni sehemu ndogo ya habari. Moto uliounguza mbao umevunja kiini chake na kuzaa vanilini, ile ile inayoipa vanila harufu yake. Mwaloni wenyewe hutoa harufu inayokaribia ya nazi, tanini zake huleta ukakasi kama wa chai iliyokolea, na sukari zilizoungua huleta utamu wa karameli. Hewa nayo hupenya kidogo kidogo kupitia mbao. Hewa hiyo, ambayo kwa bia nyepesi ni adui, huipunguzia bia nzito nyeusi makali ya uchungu na kuipa ladha ya matunda yaliyokaushwa.

Kinachotokea katika glasi

Wiski iliyomiminwa kwenye bia imekwisha kukomaa katika pipa lake, kwa hiyo huja na sehemu ya ladha hizo. Lakini haina muda wa kuungana na bia. Mnywaji huonja vitu viwili vinavyogombana: kilevi kikali kinachotangulia puani, na bia iliyopungua povu na uzito. Wapo wanaoupenda mchanganyiko huo, na hawana kosa. Wamarekani wana desturi ya zamani ya kunywa toti ya wiski pamoja na bia, na Wakorea huchanganya bia na soju. Ni kinywaji halali, ila kuuita njia ya mkato ya kufikia ladha ya pipa ni kujidanganya. Aliye na subira na anayejitengenezea bia nyumbani huwa karibu zaidi na shabaha akiloweka vipande vya mwaloni kwenye wiski, kisha akaviacha ndani ya bia kwa wiki chache.

Tofauti iliyo muhimu kuliko ladha ni hesabu. Chupa ya mililita 500 ya bia nyeusi yenye kilevi cha asilimia 6 ina mililita 30 za kilevi halisi. Toti moja ya wiski, mililita 30 yenye asilimia 40, huongeza mililita 12, na kinywaji chote hufikia karibu asilimia 8. Toti mbili hukipandisha hadi asilimia 9.6. Kwa msomaji aliye Australia, ambako kipimo kimoja cha kawaida ni gramu 10 za kilevi, glasi hiyo ya toti mbili ni vipimo 4.3. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 unashauri watu wazima wenye afya wasizidi vinne kwa siku moja na kumi kwa wiki.

Ni kweli kwamba bia ya pipa si dhaifu. Nyingine huvuka asilimia 12. Lakini kiwango chake kimeandikwa kwenye chupa, na bei yake humlazimisha mtu kuinywa taratibu. Glasi iliyochanganywa mezani haina lebo, na mkono unaomimina toti ya tatu haupimi kama ulivyopima ya kwanza.

Kwa nini pipa halijafika Juba

Historia ya bia halali mjini Juba ni fupi. Septemba 1983 serikali ya Jaafar Nimeiry mjini Khartoum ilitangaza sheria za Kiislamu, na shehena za pombe zikamwagwa katika mto Nile. Wanawake wengi wa kusini waliohamia Khartoum wakikimbia vita, na ambao riziki yao ilitokana na kupika merisa ya mtama na araki, waliishia katika gereza la wanawake la Omdurman. Ni baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005 ndipo kampuni ya SABMiller ilipoweza kujenga kiwanda Juba, kilichofunguliwa mwaka 2009 na kutoa bia ya White Bull, jina linaloenzi fahali katika nchi ya wafugaji. Mapema mwaka 2016 kampuni ilitangaza kusitisha utengenezaji wa bia hapo, kwa sababu dola za kununulia malighafi kutoka nje zilikuwa zimekauka. Penye upungufu wa dola za kununulia kimea, kufungia mtaji ndani ya mapipa kwa mwaka mzima ni anasa.

Joto nalo lina neno lake. Huko Uskoti, pipa hupoteza takriban asilimia 2 ya kilichomo kila mwaka kwa mvuke, kiasi ambacho watengenezaji hukiita mgao wa malaika. Mjini Bangalore, India, hasara hiyo huweza kuvuka asilimia 10. Juba ni kali zaidi: Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kote, ikitarajia joto la hadi nyuzi 45. Wiski huvumilia joto, ikipungua tu. Bia haivumilii, katika ghala lisilo na ubaridi, vijidudu huigeuza siki kabla mbao hazijamaliza kazi yake. Ubaridi wa mwaka mzima, katika mji ambao biashara nyingi bado zinategemea jenereta, una gharama kubwa.

Chupa isiyojulikana

Hapo ndipo penye hatari halisi. Anayekosa wiski ya kweli hutumia kilicho karibu, iwe araki, siko au chupa yenye lebo ya kutia shaka. Pombe ya nafaka iliyochemshwa kwa uangalifu huwa na methanoli kidogo. Maafa hutokea zaidi pale mfanyabiashara anapoongeza methanoli ya viwandani ili kuzidisha ujazo. Katika eneo la Kabale, Uganda, waragi ya namna hiyo iliua watu wapatao 80 mwaka 2010. Nchini Kenya, makumi ya watu walikufa Mei 2014.

Methanoli haitambuliki kwa ladha wala harufu, na bia nyeusi huficha hata kile kidogo ambacho ulimi ungeshuku. Tena, kilevi cha kawaida kilichomo ndani ya bia huchelewesha mwili kuigeuza methanoli kuwa sumu. Dalili ambazo kwa kawaida hujitokeza baada ya saa 12 hadi 24 huweza kuchelewa zaidi, na mgonjwa akadhani ni uchovu wa ulevi wa jana. Maumivu makali ya tumbo, kupumua kwa kasi na hasa macho kuona ukungu au weupe ni ishara za kukimbilia hospitali bila kusubiri asubuhi, na chupa iliyotumika ichukuliwe pamoja na mgonjwa ili madaktari waipime. Dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo, lakini hutolewa hospitalini, na hufaa zaidi kabla macho hayajaharibika.