Uhusiano wa mbwa na mfugaji wake (Mbita)

Uhusiano wa mbwa na mfugaji wake ni mapenzi na kuaminiana kunakojengeka kwa kuishi pamoja. Huko Mbita, mji wa kaunti ya Homa Bay kando ya Ziwa Viktoria, mbwa wengi hufugwa kwa ulinzi wa boma na mifugo. Hulala nje na mara nyingi huzurura bila kufungwa.

Jambo la kwanza linalojenga uhusiano huo ni umri. Mtoto wa mbwa anayeshikwa na kuchezeshwa na watu kati ya wiki ya 3 na ya 12 huwazoea kwa urahisi. Akikosa hayo, hukua mwoga. La pili ni mkono unaomlisha. Bomani mkono huo huwa mara nyingi wa mtoto, anayemtupia ukoko wa ugali na vichwa vya samaki, na ndiye ambaye mbwa humfuata hadi ufuoni penye omena zilizoanikwa. Mwenye mbwa kisheria anaweza kuwa baba, lakini moyo wa mbwa uko kwa mtoto.

Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kuwa mbwa na mfugaji wake wanapotazamana, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili.

Kinachovunja uhusiano huu ni kipigo, na hofu ya kichaa cha mbwa. Hofu hiyo ina msingi: dalili zikishaanza, ugonjwa huua karibu kila mara. Kwa hiyo mchanje mbwa wako kila mwaka.