Mamba mkubwa wa Turkana ya kale

MKAZI wa Bura, Garissa, anayeteka maji katika Mto Tana hahitaji kuelezwa hatari ya mamba. Hata hivyo, mamba wa leo ni mdogo akilinganishwa na jamaa yake aliyeishi katika bonde la Ziwa Turkana kati ya miaka milioni 4 na milioni 2 iliyopita.

Mnyama huyo alitambulishwa mwaka wa 2012 na wanasayansi Christopher Brochu na Glenn Storrs wa Marekani. Walimwita Crocodylus thorbjarnarsoni kwa heshima ya John Thorbjarnarson, mtaalamu wa uhifadhi wa mamba aliyefariki mwaka wa 2010.

Inakadiriwa kuwa urefu wake ulizidi mita 7.5, ilhali ni nadra mamba wa Mto Naili kupita mita 6. Fuvu lake, lililohifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, lilihitaji watu wanne kulinyanyua. Ijapokuwa wanashabihiana, yeye si babu wa mamba wa Naili.

Binadamu wa kale, wengi wao wafupi kuliko sisi, waliishi kando ya maji yayo hayo. Kama wakazi wa Bura leo, nao hawakuwa na budi kuyasogelea.