Dawa zisizoyeyuka majini na mbinu za kuzifanya zimfae mgonjwa

MZAZI anapokabidhiwa tembe za malaria katika zahanati, aghalabu huagizwa ampe mtoto dawa hiyo pamoja na chakula au maziwa. Wengi hudhani kuwa agizo hilo linanuiwa kuzuia kichefuchefu tu. Mtoto akikataa kula, humpa dawa kwa maji matupu.

Kwa hakika, agizo hilo ni sehemu ya tiba yenyewe. Mojawapo ya dawa mbili zilizomo katika tembe hizo, lumefantrini, karibu haiyeyuki kabisa katika maji. Bila mafuta, sehemu kubwa ya dawa hiyo hupita tumboni na kutoka na kinyesi bila kuingia katika damu.

Tatizo hili haliihusu malaria pekee. Makadirio yanayonukuliwa sana na wanafamasia ni kwamba takriban asilimia 40 ya dawa za kumeza zilizoko sokoni haziyeyuki vyema majini, na kiwango hicho ni kikubwa zaidi miongoni mwa dawa mpya ambazo zingali maabarani. Ndiyo maana lipo tawi zima la ufamasia linaloshughulikia suala moja: dawa inayoua vimelea au virusi katika chupa ya maabara itaundwaje ili iweze kufanya vivyo hivyo ndani ya mwili wa binadamu?

Safari ya tembe tumboni

Tembe inapomezwa, hupasuka kwanza kuwa chembechembe. Chembe hizo sharti ziyeyuke katika majimaji ya tumbo na utumbo kabla ya dawa kupenya ukuta wa utumbo mwembamba na kuingia katika damu. Dawa isiyoyeyuka haiwezi kupenya, hata ikiwa na nguvu kiasi gani.

Mwaka wa 1995, mtaalamu wa Marekani Gordon Amidon na wenzake waliainisha dawa za kumeza katika makundi manne kwa kuzingatia mambo mawili: jinsi zinavyoyeyuka na jinsi zinavyopenya utumbo. Kipimo cha kuyeyuka ni chepesi kukielewa. Iwapo dozi kubwa zaidi ya dawa inaweza kuyeyuka yote katika mililita 250 za maji, yaani kiasi cha bilauri moja, huhesabiwa kuwa inayeyuka vyema. Hupimwa katika maji yenye asidi kali kama ya tumbo na pia katika yale yasiyo na asidi nyingi, kama ya utumbo.

Kundi la pili ndilo huwashughulisha zaidi watengenezaji. Dawa za kundi hili hupenya utumbo bila shida lakini haziyeyuki. Aghalabu huwa na molekuli kubwa zinazopenda mafuta na kuyakimbia maji. Sifa hiyo huzisaidia kupenya ngozi laini za seli, ambazo zenyewe zimejengwa kwa mafuta, lakini huzinyima nafasi ya kufika huko.

Lumefantrini na gramu moja ya mafuta

Kenya iliamua mwaka wa 2004 kufanya mseto wa artemetha na lumefantrini kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, na kuanza kuusambaza mwaka wa 2006. Dawa zilizotangulia, klorokwini na baadaye salfadoksini-pirimethamini, zilikuwa zimeshindwa na vimelea sugu.

Katika mseto huo, artemetha huua vimelea wengi kwa haraka, kisha hutoweka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hubakia kwa siku kadhaa na kuwamaliza waliosalia. Kwa hivyo, ikiwa lumefantrini haikuingia katika damu ya kutosha, homa inaweza kushuka kwa siku chache na ugonjwa ukarejea baadaye.

Majaribio kwa watu wazima wenye afya yalionyesha kuwa lumefantrini ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia katika damu huongezeka takriban mara 16 kikilinganishwa na kile cha kuimeza bila chakula. Mafuta huuchochea mwili kutoa nyongo, nayo nyongo huyavunja mafuta kuwa matone madogo mno ambayo hubeba dawa hadi kwenye ukuta wa utumbo.

Hata hivyo, mgonjwa hahitaji mlo wa karamu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 ulikadiria kuwa mililita 36 za maziwa ya soya, zenye gramu 1.2 tu za mafuta, zatosha kuiwezesha dawa kufikia asilimia 90 ya kiwango cha juu kinachoweza kufyonzwa. Hiyo ni habari njema kwa mzazi ambaye mtoto wake hana hamu ya chakula.

Upungufu wa dawa katika damu hauwi hasara ya mgonjwa mmoja pekee. Vimelea wanaokutana na kiasi kidogo kisichowaua hupata fursa ya kujijengea usugu. Tayari vimelea wenye usugu wa kiasi dhidi ya dawa za jamii ya artemisinini wamethibitishwa nchini Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea.

Kusaga, chumvi na kubadilisha molekuli

Mbinu kongwe ya kuisaidia dawa kuyeyuka ni kuisaga iwe laini zaidi. Kila mpishi anajua kwamba sukari guru ikitiwa nzima katika chai huchelewa kuyeyuka, ilhali ikipondwa huyeyuka upesi. Chembe ndogo huwa na eneo kubwa zaidi linalogusana na maji. Griseofulvini, dawa ya mapunye, ilipoanza kusagwa laini, wagonjwa waliweza kutumia takriban nusu ya dozi ya awali na kupata nafuu ile ile. Siku hizi zipo mashine zinazosaga dawa hadi chembe zake ziwe ndogo kuliko elfu moja ya milimita.

Mbinu ya pili ni kuigeuza dawa kuwa chumvi. Kwinini yenyewe huyeyuka kwa shida, lakini chumvi zake huyeyuka vizuri zaidi, na ndizo zilizotumiwa kutengeneza tembe na dawa za kudunga kwa miaka mingi.

Mbinu ya tatu ni kuibadilisha molekuli kidogo. Artemisinini, iliyotolewa katika mmea wa pakanga na wanasayansi wa China mwanzoni mwa miaka ya 1970, haiyeyuki vyema katika maji wala katika mafuta. Wakemia wa nchi hiyo waliibadilisha wakapata artemetha, inayoyeyuka katika mafuta, na artesuneti, ambayo inaweza kudungwa katika mshipa baada ya unga wake kuchanganywa na maji ya baikaboneti.

Hatua hiyo iliokoa maisha ya wengi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010, watoto 5,425 waliougua malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, walitibiwa ama kwa artesuneti ama kwa kwinini. Waliofariki katika kundi la artesuneti walikuwa asilimia 8.5, na katika kundi la kwinini asilimia 10.9. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza artesuneti ya kudunga kwa watoto wenye malaria kali.

Fuwele zilizobadilika

Dawa nyingi huwa na umbo la fuwele, yaani molekuli zake zimepangika kwa utaratibu kama matofali ukutani. Kadiri zinavyoshikana kwa nguvu, ndivyo maji yanavyoshindwa kuzitenganisha. Dawa moja yaweza kuwa na aina kadhaa za fuwele, nazo zikatofautiana katika kuyeyuka.

Somo hilo lilijifunzwa kwa gharama kubwa mwaka wa 1998. Ritonaviri, dawa ya virusi vya Ukimwi iliyotengenezwa na kampuni ya Abbott ya Marekani, ilikuwa sokoni tangu mwaka wa 1996. Ghafla, kapsuli zake zilianza kushindwa katika vipimo vya kuyeyuka. Uchunguzi ulibaini kuwa aina mpya ya fuwele, isiyojulikana awali na ngumu zaidi kuyeyuka, ilikuwa imejitokeza kiwandani. Kapsuli hizo ziliondolewa na wagonjwa wakalazimika kunywa dawa ya maji yenye ladha mbaya hadi muundo mpya ulipopatikana.

Kapsuli zilizofuata zilihitaji kuhifadhiwa katika jokofu. Vivyo hivyo kwa kapsuli za Kaletra, mseto wa lopinaviri na ritonaviri ulioidhinishwa mwaka wa 2000. Kwa mgonjwa anayeishi mahali penye joto na pasipo umeme, dawa ya aina hiyo ni mzigo mkubwa.

Suluhisho lilikuwa kuzivunja fuwele kabisa. Dawa iliyeyushwa kwa joto pamoja na aina ya plastiki isiyodhuru inayoyeyuka majini, kisha mchanganyiko ukapozwa ukagandamana kama kioo. Molekuli zilitawanyika na kunaswa kabla ya kujipanga tena. Tembe zilizotokana na mbinu hiyo ziliidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 2005. Hazikuhitaji jokofu, ziliweza kumezwa na chakula au bila chakula, na mgonjwa alimeza tembe nne kwa siku badala ya kapsuli sita. Mseto huo ulitumika kwa miaka mingi nchini Kenya kama tiba ya mkondo wa pili.

Zipo dawa nyingine ambazo hubebwa ndani ya viputo vidogo mno vya mafuta. Amfoterisini B, inayotibu maambukizi makali ya kuvu pamoja na ugonjwa wa kala-azar, haiyeyuki majini. Muundo wake wa kwanza, uliochanganywa na chumvi ya nyongo, huwatetemesha wagonjwa kwa homa na kudhuru figo. Ikiwekwa katika viputo vya mafuta, madhara hayo hupungua sana. Mwaka wa 2022, WHO ilipendekeza dozi moja kubwa ya muundo huu mpya, pamoja na dawa nyingine mbili za kumeza, kwa wagonjwa wa Ukimwi walioshikwa na homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu.

Hatari ya njia ya mkato

Si kila kiowevu kinachoyeyusha dawa hufaa kunywewa. Mwaka wa 1937, kampuni moja ya Marekani ilitaka kuuza salfanilamidi, dawa ya bakteria, katika hali ya maji. Mkemia wake aligundua kuwa dawa hiyo huyeyuka katika daiethilini glaikoli, kiowevu kitamu chenye sumu. Ladha na harufu zilipimwa, lakini usalama haukupimwa. Zaidi ya watu 100 walifariki, wakiwemo watoto. Mkasa huo ulichangia kupitishwa kwa sheria ya mwaka wa 1938 iliyowalazimu watengenezaji kuthibitisha usalama wa dawa kabla ya kuiuza.

Sumu hiyo haijatoweka. Mwaka wa 2022, takriban watoto 70 walifariki nchini Gambia katika vifo vilivyohusishwa na dawa za maji za kikohozi na homa zilizochafuliwa na kiowevu hicho na kingine cha jamii yake. Viowevu salama vinavyotumika kuyeyushia dawa, kama vile gliserini, vinafanana navyo kwa sura, na ndiyo sababu kila pipa linalofika kiwandani linapaswa kupimwa.

Watoto wachanga wakumbukwa

Kwa miaka mingi, wazazi walizisaga tembe chungu za watu wazima ili kuwapa watoto. Mwaka wa 2009, kampuni ya Novartis na shirika la Medicines for Malaria Venture zilizindua tembe za Coartem zinazotawanyika katika maji kidogo, zenye ladha tamu. Muundo huo ulikuwa umejaribiwa kwa watoto 899 nchini Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania, ukaonekana kutibu sawa na tembe za kawaida zilizosagwa.

Waliosalia ni watoto wenye uzani wa chini ya kilo tano. Mnamo Julai 2025, Uswisi iliidhinisha muundo wa kwanza wa dawa hiyo uliokusudiwa watoto hao, ambao waweza kuyeyushwa hata katika maziwa ya mama. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoshiriki katika kuutathmini.

Wajibu wa mgonjwa

Mtengenezaji akishatimiza wajibu wake, sehemu iliyobaki hufanyika nyumbani. Tembe za artemetha na lumefantrini zimezwe pamoja na maziwa, uji uliotiwa maziwa, au mlo wowote wenye mafuta kidogo. Mtoto anayenyonya anyonyeshwe. Dozi zote sita zimalizwe katika siku tatu, hata kama homa imeshuka baada ya dozi ya pili. Mtoto akitapika kabla ya saa moja kupita, apewe dozi hiyo tena, na mhudumu wa afya aarifiwe ili dawa isipungue.

Kadhalika, tembe yoyote isisagwe kabla ya kumuuliza mwanafamasia. Ilibainika kuwa tembe za lopinaviri na ritonaviri zikisagwa, dawa inayowafikia watoto katika damu hupungua sana.